Kuziba Kabla ya Ufa

Waheshimiwa wahandisi, mafundi wa maabara, waendesha greda, walimu, na ninyi wanafunzi mliojibana huko nyuma: hamjambo. Nashukuru kwa kunialika, na nashukuru zaidi kwa kuniachia muda wa kutosha, maana jambo la barabara ukilisema kwa haraka linageuka kuwa lawama tupu.

Nimekuja na vipande vitatu vya lami. Viko hapa mezani, kila kimoja na namba yake. Vilikatwa kwa keekee kutoka barabara moja, siku moja, na kati ya kimoja na kingine ni mwendo wa dakika chache kwa miguu. Kwa sasa viacheni vikae. Nitavirudia.

Sote tumekuzwa na methali ya ufa na ukuta. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa nyumba methali hiyo haina kasoro. Kwa barabara ya lami, miaka yangu thelathini ya kupima udongo na kokoto imenifundisha kwamba inachelewa. Ufa unapojitokeza juu, mara nyingi chini kuna jambo lililokwishatokea misimu kadhaa nyuma, na tukiungoja ufa ndipo tuzibe, tayari tumeanza kulipia ukuta. Kwa hiyo leo nimekuja kutetea jambo ambalo ni gumu kulitetea mbele ya mtu mwenye fungu la fedha: barabara inayostahili kutengenezwa mwaka huu ni ile ambayo bado inapendeza.

Niwaambie nilikojifunzia. Nilikuwa mwaka wangu wa pili kazini tulipotumwa kukagua barabara iliyoanza kubonyea upande wa nje, pale gurudumu la lori la karibu na bega linapokanyaga. Lami ilikuwa na umri wa miaka minne. Wapitaji wote walikwishahukumu: lami mbovu, imechakachuliwa. Mkuu wangu, mtu wa maneno machache, akaagiza tuchimbe handaki kukata nusu ya barabara, kuanzia katikati hadi begani, na tufunue tabaka mojamoja bila haraka.

Katikati ya barabara changarawe ya msingi ilikuwa kavu, ngumu kiasi kwamba sururu ilikuwa inaruka. Tukasogea kuelekea pembeni. Kama mita moja kabla ya ukingo wa lami, rangi ikabadilika, ile hudhurungi iliyopauka ikawa nzito na ya giza. Nikachota konzi moja, nikaifinya. Ikashikamana kama udongo wa kufinyangia vyungu, na maji machafu yakanichuruzika hadi kwenye kiwiko.

Lami tuliyoipeleka maabara haikuwa na hatia. Kiasi cha bitumini, yaani ile gundi nyeusi yenyewe, kilikuwa sawa. Nafasi za hewa zilikuwa sawa. Kosa lilikuwa nje kabisa ya lami: mtaro wa pembeni ulikuwa umejaa mchanga na mizizi ya majani hadi sakafu yake ikakaribia kulingana na bega, na mdomo wa kalavati ulikuwa umezibwa. Kwa misimu miwili maji yalisimama pale na kunyonywa polepole kuingia chini ya lami. Watu wachache wenye majembe na makoleo wangelimaliza tatizo lile mapema. Sisi tulikwenda kupendekeza nusu ya barabara ichimbuliwe na kujengwa upya kwa kilomita kadhaa. Bado naikumbuka aibu ya kuandika pendekezo lile, ingawa kosa halikuwa letu.

Kwa nini konzi moja ya changarawe iwe ngumu kama mwamba hapa, na hatua mbili mbele iwe tope? Changarawe haibebi mzigo kwa gundi. Inabeba kwa sababu punje zinabanana na kukwaruzana, na kwa sababu unyevu mdogo uliobaki kati ya chembe laini unazivuta pamoja. Maji yakizidi mpaka yajaze nafasi zote, mvuto ule unapotea. Gurudumu zito likipita juu yake, maji hayana pa kwenda, yanazisukuma punje ziachane. Gurudumu linalofuata linakuta tabaka limelegea zaidi kidogo. Ndiyo maana barabara moja inaweza kupita msimu mzima wa ukavu bila kubadilika, kisha ikavunjika ndani ya wiki tatu za mvua.

Jambo hili lina historia katika maabara zetu. Mwishoni mwa miaka ya 1920, O. J. Porter wa idara ya barabara ya jimbo la California, Marekani, alichunguza barabara zilizoharibika akitafuta sababu, na akakuta udongo wa chini ulikuwa haukushindiliwa vya kutosha na umelowa. Katika kazi hiyo ndimo kilimozaliwa kipimo cha CBR, cha uwezo wa udongo kubeba mzigo, ambacho kila mwanafunzi wa ujenzi amekitolea jasho. Unashindilia udongo ndani ya kopo la chuma. Unauloweka majini siku nne. Kisha unausukumia nguzo ya chuma yenye uso wa milimita za mraba 1,935, kwa mwendo wa milimita 1.27 kwa dakika, na kulinganisha ukinzani wake na ule wa kokoto nzuri iliyovunjwa, ambayo imepewa asilimia 100. Nimesikia vijana wakilalamika kuhusu zile siku nne. Kwa nini tusipime leo leo tukaondoka? Kwa sababu siku nne zile ndizo mvua. Ndizo mtaro ulioziba. Udongo wa mfinyanzi ambao ukiwa mkavu unamshinda mtu kuuvunja kwa nyundo, ukitoka kwenye lile beseni unazama kidole. Unaiozesha barabara yako hapohapo mbele ya macho yako, kabla hujaijenga.

Na mnamo mwaka 1933 Ralph Proctor, aliyekuwa akijenga mabwawa ya udongo huko Los Angeles, alionyesha kwamba kila udongo una kiasi chake cha maji ambacho ukishindiliwa nacho hubana kuliko wakati mwingine wowote. Maji yakipungua, punje zinagoma kuteleza zipangane. Yakizidi, yanakalia nafasi ambayo ingekuwa ya punje. Siku ya kushindilia, maji ni msaidizi wetu. Rola likishaondoka, kazi yetu yote iliyobaki ni kuyafukuza.

Kuyafukuza vipi? Tafiti za kusini mwa Afrika kuhusu barabara zenye magari machache zilitupatia kipimo ambacho natamani kila msimamizi akikariri: kutoka kilele cha barabara hadi sakafu ya mtaro, kwenda chini wima, kuwe na angalau sentimita 75. Ukitimiza hayo, hata changarawe ya kiwango cha kati inafanya kazi ambayo vitabu vingi vingeikatalia. Usipoyatimiza, hata kokoto ya gharama kubwa inazama. Kipimo hiki hakihitaji mtambo; ubao ulionyooka, pimamaji na tepu vinatosha. Na ile mita moja ya ukingoni niliyoikuta imelowa kwenye handaki, watafiti wanaijua vizuri: unyevu wa chini ya lami hubadilika zaidi karibu na ukingo, na hutulia ukienda katikati. Ukiliwekea bega nalo lami, unausogeza ule ukanda wa hatari ukae mbali na njia ya magurudumu. Ni mita moja tu, lakini nimeona ikiokoa barabara.

Sasa tuje kwenye mzigo, maana najua wapo walionisikiliza kwa subira wakingoja niyataje malori.

Oktoba 1958, karibu na mji wa Ottawa katika jimbo la Illinois, Marekani, malori yalianza kuzunguka juu ya barabara zilizojengwa ili ziharibiwe. Madereva walikuwa askari wa jeshi. Kila kipande kilikuwa na unene wake wa lami au zege, wa msingi, na wa tabaka la chini ya msingi. Kila njia ilikuwa na uzito wake wa ekseli. Hadi Novemba 1960 ekseli zilikwishapita zaidi ya mara milioni moja na laki moja. Hilo ndilo jaribio la AASHO, chama cha maofisa wa barabara kuu wa majimbo ya Marekani, na sehemu kubwa ya vitabu vya usanifu wa barabara duniani, hata vile visivyolitaja, imekopa kwake.

Kilichojulikana zaidi kutoka kwenye jaribio hilo ni kwamba madhara ya ekseli hayapandi sambamba na uzito wake. Yanapanda takriban kwa kipeo cha nne. Ekseli ya kulinganishia ni ya kilonyutoni 80, yaani kama tani 8.2. Ukiongeza asilimia 10 juu yake, jambo ambalo mwenye lori huliona dogo, madhara yanaongezeka kwa karibu nusu. Ukiiongeza maradufu, madhara yanakuwa mara 16. Ekseli ya tani 13 inakula barabara kama ekseli sita na zaidi za kulinganishia. Upande wa pili, ekseli ya gari dogo yenye nusu tani ingepaswa kupita takriban mara 70,000 ili ifanye madhara ya ekseli moja ya kulinganishia. Kipeo chenyewe si amri iliyochongwa kwenye jiwe. Wapo wanaotumia 4.5, na tabaka zilizochanganywa na saruji huwa kali zaidi ya hapo kwa mzigo uliozidi. Ila mwelekeo wake haujawahi kukanushwa. Anayesimamia mizani kando ya barabara anafanya kazi ya matengenezo sawa na mwenye koleo la lami, na ningependa atendewe hivyo.

Lakini katika jaribio lile kuna mambo mawili ambayo husimuliwa kidogo, nami ndiyo yanayonigusa zaidi.

La kwanza, vipande vingi vya lami vilianguka majira ya kuchipua, barafu ilipoyeyuka na udongo ukalowa. Malori yalikuwa yaleyale ya mwezi uliotangulia. Kilichobadilika ni maji. Na kulikuwa na mzunguko mmoja ulioachwa bila malori kabisa, ili ionekane hali ya hewa peke yake inafanya nini. Napenda sana uangalifu wa namna hiyo. Mtu anatumia mamilioni kujenga barabara, halafu anakuwa na nidhamu ya kuacha sehemu isikanyagwe, kwa ajili ya swali tu.

La pili ni namna walivyoamua barabara ipi ni mbovu. Hadi wakati ule mhandisi mmoja aliweza kuiita barabara imekwisha na mwenzake akaiita inafaa, na wote wawili wakasaini. Watafiti wale wakakusanya jopo la watu, wakawapakia kwenye magari, wakawapitisha na kuwaomba watoe alama kati ya 0 na 5. Kisha wakatafuta ni vipimo gani vya nyufa, viraka, mabonde ya magurudumu na mirusho vinavyokaribiana na alama za watu hao. Vipande vya lami vilianza na wastani wa alama 4.2, vikishuka hadi 1.5 vilihesabiwa vimekufa. Yaani msingi wa hesabu zetu zote ni mgongo wa binadamu aliyeketi kwenye gari. Baadaye, mwaka 1982, majaribio yaliyofanyika Brasília, Brazil, yakatupatia kipimo cha pamoja cha mirusho, IRI, kinachohesabu ni mita ngapi springi za gari la kufikirika zinapanda na kushuka katika kila kilomita. Barabara mpya nzuri ya lami huwa karibu na 2. Ya changarawe iliyochoka hupita 10.

Hata hivyo jaribio la AASHO lilikuwa na upungufu mkubwa, na waliolifanya waliujua: udongo wa aina moja, hali ya hewa moja, miaka miwili. Unaweza kuharakisha malori. Huwezi kuharakisha jua. Miaka miwili haitoshi bitumini kuzeeka.

Kwa sababu hiyo Marekani na Kanada zilianza mwaka 1987 kufuatilia barabara za kawaida, zenye magari ya kawaida, zaidi ya vipande 2,500, kwa mpango uliolengwa kuchukua miaka 20 na ambao ukaendelea hata baada ya hapo. Kwa nchi za joto, kazi kubwa ilikwishaanza mapema zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 maabara ya utafiti wa barabara ya Uingereza, pamoja na Benki ya Dunia, ilifuatilia barabara za Kenya, za lami na za changarawe, ikipima jinsi zinavyochakaa na jinsi uchakavu huo unavyoongeza mafuta, matairi na vipuri. Baadaye Brazil ikafanya utafiti mpana zaidi. Hesabu zilizotoka huko ndizo zilizolea HDM, programu ya kukadiria uchakavu wa barabara na gharama zake, ambayo wengi wenu mmejifunza. Toleo la HDM-4 lilitoka mwaka 2000. Nawaomba mkumbuke hilo mnapoiendesha kwenye kompyuta: nyuma ya zile namba kuna watu waliokuwa wakirudi kipande kilekile cha barabara, msimu baada ya msimu, na tepu mkononi.

Na huko kwenye joto ndiko kulikotoka ugunduzi ambao umebadilisha kazi yangu mwenyewe. Vitabu vilivyoandikwa kwa nchi za baridi vilitufundisha kwamba ufa wa uchovu huanzia chini ya lami, pale inapovutika gurudumu likipita, kisha hupanda juu. Ni kweli, hutokea. Lakini watafiti walipokata vipande vya lami katika nchi za joto, walikuta nyufa nyingi zimeanzia juu na hazijafika hata nusu ya unene. Sababu ni kuzeeka kwa bitumini. Joto na hewa huigeuza kutoka kitu kinachonata na kunyumbulika hadi kitu kikavu kinachovunjika, na kuzeeka huko ni kwa kasi zaidi katika milimita chache za juu. Lami inavaa ngozi ngumu. Usiku ikipoa inajikunja, mchana inatanuka, malori yanapita, na ile ngozi inapasuka. Maji yanapata mlango.

Ukishalielewa hilo, unaelewa pia dawa yake. Ni tabaka jembamba tu: bitumini iliyopuliziwa juu ya lami, na kokoto ndogo zilizomwagwa na kushindiliwa juu yake. Haliongezi nguvu ya kubeba mzigo hata kidogo. Kazi yake ni kuizuia hewa na jua visiifikie lami iliyo chini, na kuyazuia maji. Kuliweka kabla ngozi haijapasuka ni matengenezo. Kuliweka baada ya nyufa kuingia hadi kwenye msingi na maji kukaa humo ni kufunika kidonda chenye usaha. Nimeona vyote viwili vikifanyika kwa fedha ileile na kwa vifaa vilevile, tofauti ikiwa ni miaka mitatu tu.

Tena kuzeeka kunategemea siku ya kwanza. Lami ikishindiliwa barabarani huachwa na nafasi za hewa, na lengo huwa karibu asilimia 7 au chini yake. Uzoefu uliokusanywa na watafiti unaonyesha kwamba kila asilimia moja inayozidi hapo hupunguza umri wa lami kwa takriban asilimia 10. Rola moja lililoondoka mapema kwa sababu giza linaingia, lori moja lililokwama njiani lami ikapoa, na umekwisha kupoteza miaka ambayo hakuna mtunza barabara atakayeirudisha. Kwa hiyo ninaposema matengenezo, naanzia kwenye kipimajoto cha lami ikiwa bado ndani ya lori.

Nirudi kwa mwenye fungu la fedha. Mwaka 1988 Benki ya Dunia ilikadiria kwamba kufufua barabara zilizochakaa katika nchi zinazoendelea kungegharimu dola bilioni 40 hadi 45, ilhali kuzitunza kwa wakati kungegharimu chini ya bilioni 12. Umri wa namba hizo ni zaidi ya miaka 35, na kila anayehudhuria mikutano kama huu amezisikia. Kwa nini basi tunaendelea kuanza na barabara mbovu kuliko zote?

Sidhani ni ujinga. Anayepita kwenye mashimo kila siku ana haki ya kulalamika, na analalamika kwa sauti. Barabara nzuri hailalamiki. Ukienda kumwambia kiongozi kwamba mwaka huu tutapaka tabaka jembamba juu ya lami isiyo na ufa hata mmoja, na ile yenye mashimo itasubiri, atakuuliza kama una akili timamu, na wananchi watamuuliza yeye. Jibu langu, nimelifikiria miaka mingi, ni hili. Barabara iliyokwisha kufa haifi zaidi. Ikichelewa miaka miwili, gharama ya kuijenga upya haibadiliki sana. Kinachotakiwa ni kuiweka ipitike na iwe salama wakati inasubiri. Barabara nzuri ikichelewa miaka miwili hiyohiyo, inaweza kuvuka kutoka kundi la kupakwa na kuingia kundi la kuchimbuliwa. Ukimwaga fungu lote kwenye mbovu, unaokoa kilomita chache na kuzipoteza nyingi zaidi usizozitazama. Mwenye mashimo anapaswa kuambiwa hivyo waziwazi, na aonyeshwe ramani, na apewe mwaka wake. Ni mazungumzo magumu. Lakini tukiyakwepa, mwaka ujao wenye mashimo watakuwa wengi zaidi.

Na wakati tunasubiri, basi hata kiraka kifanywe kwa heshima. Nimeona shimo likiwa na maji, mtu anamwaga lami ndani, anaipiga kwa mgongo wa koleo mara tatu, anapanda gari. Wiki mbili baadaye shimo limerudi, na sasa ni pana zaidi. Kiraka kinachodumu kinaanza kwa kukata. Unachora mraba unaovuka ukingo wa shimo hadi kwenye lami nzima, unakata kingo zisimame wima, unachimba mpaka ufikie mahali pakavu na pagumu, hata kama ni chini kuliko ulivyotarajia. Unafagia vumbi lote. Unapaka bitumini nyepesi sakafuni na kwenye kuta. Unajaza kwa tabaka, unashindilia kila moja, na unakiacha kiwe juu kidogo ya lami ya zamani ili magurudumu yakimalizie. Halafu, na hapa ndipo wengi wanapokosa, unatembea hadi kwenye mtaro na kutafuta maji yalitoka wapi.

Kuhusu vifaa vipya nitapita haraka, si kwa sababu havina maana. Bonde la Otta huko Norway lilitoa, katika miaka ya 1960, aina ya tabaka la juu linalotumia changarawe mchanganyiko pamoja na bitumini laini badala ya kokoto zilizochambuliwa kwa usahihi; magurudumu yenyewe yanaipandisha bitumini juu na kuikamilisha kazi. Baadaye tabaka hilo likatumika Kenya, Botswana na kwingineko, na limewezesha barabara nyingi za changarawe kupata lami kwa mawe yaliyo jirani. Mpira wa matairi yaliyochakaa uliingizwa kwenye bitumini na Charles McDonald huko Phoenix, Arizona, katika miaka hiyohiyo ya 1960, na bado unatumika. Leo kila mwezi naletewa unga au maji ya ajabu yanayodaiwa kuugeuza udongo wowote kuwa mwamba. Siyafukuzi. Nasema jambo moja: kiwekwe barabarani jirani na kipande cha kawaida, chenye udongo uleule, mtaro uleule, malori yaleyale, na tuvipime vyote viwili kwa miaka mitano. Anayekataa kipande cha kulinganishia hana haja na jibu.

Nalisema hilo kwa uchungu. Niliwahi kushiriki kujenga vipande vya majaribio, kila kimoja na mchanganyiko wake. Tulivipima kwa bidii mwaka wa kwanza na wa pili. Kisha watu wakahamishwa, fedha ikaisha, vigingi vya kuonyesha mipaka vikang'olewa wakati wa kufyeka majani. Niliporudi baada ya miaka tisa, barabara ilikuwa na sehemu nzuri ajabu na sehemu zilizokwisha kabisa, zimefuatana, na hakuna mtu wala karatasi iliyoweza kuniambia ipi ilikuwa ipi. Miaka tisa ya jua na malori, ambayo hakuna fedha inayoweza kuinunua tena, ilikuwa imeandikwa pale chini kwa lugha tusiyoweza kuisoma. Ninyi wanafunzi mtakaoanza kazi mwakani, mkipewa barabara, anzeni daftari lake. Tarehe ya kila tabaka, machimbo ya kila kokoto, kina cha kila mtaro. Andikeni kwa ajili ya mtu msiyemjua atakayekuja miaka kumi baadaye.

Sasa vipande vyangu. Kile chenye namba moja ni kizima juu hadi chini. Kikate katikati uone kila jiwe limevaa bitumini yake. Chenye namba tatu kina ufa mwembamba kama unywele, umeingia kutoka juu kama theluthi ya unene, ukakoma. Kingepakwa mwaka mmoja kabla, ufa huo usingekuwepo. Chenye namba mbili, kwa juu, hamtakitofautisha na namba moja. Mimi mwenyewe niliposimama pale barabarani sikuweza. Lakini kigeuzeni, mkikwaruze upande wa chini kwa ukucha. Maji yamekwisha kuivua bitumini kwenye mawe, na kokoto zitawadondokea mkononi, safi, kama hazijawahi kupakwa kitu. Barabara ile bado iko wazi, na kwenye orodha ya mwaka huu imeandikwa kuwa haihitaji matengenezo.

Karibuni mezani.